Bunduki ya Salim na Chai ya Chacha

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wengine mnaojifunza kazi ya chuma, kaeni mkao wa kusikiliza maana naanza na majivuno. Mimi Manjit, mzaliwa wa Kisumu na mkazi wa Birmingham, nilikataa kukata chuma wakati kila mtu karakanani alitaka nikikate, na haki ilikuwa yangu. Nimeshastaafu, hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo nitajisifu mpaka nitosheke.

Najua mtanijibu kwa Kiingereza. Jibuni tu. Mimi kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili. Kipunjabi kilikuwa cha nyumbani na cha gurudwara, hekalu letu Masikh, Kiingereza cha wateja, lakini benchi la Chacha lilikuwa la Kiswahili tangu alipokuwa fundi Kisumu mpaka alipofungua karakana ya bunduki hapa mjini. Chacha ni baba yangu mdogo, mdogo wake baba. Alikuwa akinigombeza kwa lugha zote tatu, ila akitaka nielewe alitumia Kiswahili.

Na msije mkatangaza shuleni kwamba bibi yenu alikuwa jambazi. Mji huu umetengeneza bunduki tangu zamani za mababu wa watu wengine. Sisi tulirekebisha bunduki za michezo, za watu wa klabu wanaolenga shabaha za karatasi. Vibali tulikuwa navyo ukutani, na polisi walikuja kukagua makabati yetu ya chuma mpaka tukajua nani kati yao anapenda chai yenye tangawizi.

Chai ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Chacha. Mteja akiingia, mzigo wake unawekwa benchini karibu na hita, yeye anapewa kiti, sufuria inabandikwa. Hakuna kugusa kazi ya mtu kabla hajamaliza kikombe. Chacha alisema mteja akishakunywa ndipo anapokumbuka ukweli. Ni kweli. Mtu aliyeingia akiapa kwamba bunduki imeharibika yenyewe, akifika nusu ya kikombe anakumbuka kwamba iliporomoka ngazini.

Sheria ya pili ilikuwa hii: usikate kabla hujaona. Aliijua kwa machungu. Siku moja alijiwa na bwana mmoja mrefu aliyelalamika kwamba kitako cha bunduki yake ni kirefu, kinamkwama begani. Chacha akampima, akakubali, akachukua msumeno akakipunguza. Bwana akaenda zake kwa furaha. Kiangazi kilipofika akarudi: kitako sasa ni kifupi mno. Chacha akamtazama mabega, akajipiga paji la uso. Siku ile ya kwanza ilikuwa Januari, na yule bwana alipimwa akiwa ndani ya koti nene kama godoro. Tulilazimika kuunga kipande cha mbao nyuma ya kitako, na kiungo kilionekana siku zote. Tangu hapo, Chacha hakumpima mtu bila kumvua koti.

Kumbukeni hilo koti. Nitalirudia.

Chacha alipofariki, karakana ikabaki mikononi mwangu na mwa Trevor. Trevor ni mtoto wa Handsworth, wazazi wake walitoka Jamaika, na ni fundi wa kweli. Mkono wake ni mwepesi na jicho lake ni kali. Kiswahili chake ni maneno mawili, "chai" na "haraka," na la pili alilipenda kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeleta mitambo mipya: kamera nyembamba kama uzi, unaiingiza ndani ya mtutu na kutazama kila mkwaruzo kwenye skrini. Mimi nilibaki na mshumaa wangu. Tulitaniana kila siku, na kazi ilienda vizuri.

Basi, miaka michache kabla ya korona, akaja Salim.

Salim ni Mswahili wa Mombasa, Mji wa Kale. Alikuwa amefanya kazi ya kukereza vyuma kiwandani hapa Birmingham maisha yake yote, akastaafu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wamehama mji, na nyumba yake pale Handsworth, nyuma ya Soho Road, ilikuwa kimya. Kilichobaki kumtoa nje ni klabu yake ya shabaha. Akaomba kibali cha polisi, akapewa, akaanza kujitengenezea bunduki ya mashindano katika gereji yake. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mti wa jozi. Mtutu aliufunga mwenyewe, ukapelekwa kujaribiwa kisheria, ukapigwa mhuri. Nilipoishika mara ya kwanza niliigeuza na kuigeuza. Ilikuwa nzuri kuliko nyingi zilizotoka viwandani.

Lakini ilikuwa inamgomea.

"Bi Manjit, wallahi bunduki hii yanitia haya," alisema. "Nyumbani usiku komeo lafunga vizuri. Nikifika kwenye range, uwanja wetu wa shabaha, mbele ya watu, lagoma. Nalisukuma, lafika karibu na mwisho, lakwama. Risasi imeshaingia kwa chamber, lakini komeo halishuki. Mwenyekiti wa klabu ashaniambia, mara moja zaidi na hii bunduki hairudi pale kwao. Na Jumapili ijayo wachagua team."

"Si uazime bunduki ya klabu?"

Alinitazama kama niliyemwambia aazime mtoto wa jirani. "Hii nimeifanya kwa mikono yangu. Nataka kuingia na hii."

Nikamwelewa. Nikabandika chai.

Kwa wale ambao hamjui: chemba ni kile chumba kidogo nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla ya kupigwa. Komeo ni mlango wake. Unalisukuma mbele, unageuza mkono wake chini, masikio yake mawili yanaingia kwenye mifuko iliyochimbwa ndani ya chuma, mlango umefungwa. Komeo lisiposhuka, sababu zinaweza kuwa nyingi. Pengine chemba ni fupi. Pengine risasi ni ndefu au imevimba. Pengine kuna uchafu, au kona ya chuma haikulainishwa. Kazi ya fundi si kujua kukata. Kazi ya fundi ni kujua panapogusa.

Tulipomaliza chai tuliingiza geji, vile vipimo vya chuma vya chemba. Kwenye kile kifupi komeo lilifunga, kwenye kirefu likakataa, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikawasha mshumaa wangu. Unachukua risasi ya bandia, isiyo na baruti, unaipitisha kwenye moshi mpaka inakuwa nyeusi, unaiingiza taratibu, unafunga, unaitoa. Pale masizi yalipofutika, ndipo panapobana. Masizi yalitoka kama yalivyoingia. Trevor akaleta kamera yake, akatafuta, hakuona kitu. Komeo lilifunga na kufunguka kama droo ya kabati jipya. Tukalipangusa, tukamrudishia Salim mali yake.

Baada ya siku chache akarudi, uso umemshuka. Imegoma tena renji. Chai, geji, mshumaa, kamera. Hamna kitu. Safari hii alileta hata risasi za klabu, tukazipima, na zote zilikuwa sawa.

Hapo Trevor akatoa hukumu. Kule renji ni baridi, alisema, na baridi inakifanya chuma kinywee. Chemba imekatwa karibu mno na kipimo. Tuipanue unywele mmoja, tumalize kazi. Alikuwa ameshatoa chombo cha kupanulia na kukipaka mafuta.

"Chuma cha chemba kikinywea, na cha risasi je?" nikamwambia. "Vyote viko kwenye baridi moja. Geji inasema chemba ni sawa. Ukiipanua itakuwa ndefu, risasi icheze ndani, ganda lipasuke, na moto urudi usoni kwa Salim."

"Unywele mmoja, Manjit."

"Hata nusu. Chuma ukishakikata hakirudi. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao wa kutosha."

Nilidhani Salim ataniunga mkono. Wapi! Aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Bi Manjit, mimi mwenyewe ni fundi. Trevor asema sawa. Mukate. Mimi sina muda, Jumapili ndiyo hiyo."

"Sikati nisichokiona."

"Basi ntatafuta fundi mwanamume."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawasha. Nikamwambia amtafute, na akishampata amuulize pia kama anauza nyuso mpya. Akafunga sanduku la bunduki, akaondoka bila kwaheri. Trevor akarudisha chombo chake kabatini. Ilikuwa jioni mbaya, na nasema wazi kwamba iliniuma. Ningeweza kukata, mteja angefurahi, na labda asingeumia mara ya kwanza, wala ya pili. Lakini kila nilipofumba macho niliona kile kiungo cha mbao kwenye kitako cha yule bwana mrefu.

Asubuhi yake nilifika karakanani, hita haijawashwa, pumzi inatoka kama moshi. Mimi nina nywele ndefu, za dini yangu, hazijakatwa tangu nizaliwe, na nazipaka mafuta ya nazi. Chupa naiweka rafuni. Hapa Uingereza, wakati wa baridi, mafuta ya nazi yanakuwa jiwe jeupe, ukigeuza chupa hayatoki hata tone. Kwa hiyo kila asubuhi naiweka chupa juu ya hita, nasubiri iyeyuke. Nimefanya hivyo tangu niko msichana, bila kufikiri.

Siku ile nilisimama na chupa mkononi, nikaitazama hita. Pembeni yake kuna lile benchi tunalowekea mizigo ya wateja wakati wa chai.

Nikasema kwa sauti, "Koti!" Trevor aliyekuwa anaingia akadhani namwomba koti lake.

Bunduki ya Salim tulikuwa hatujaipima hata mara moja ikiwa na baridi, bila koti lake la joto. Kila ilipoingia tuliilaza kando ya hita kwa heshima, tukanywa chai, tukapiga soga za Mombasa na Kisumu, na yenyewe ikapata joto kama mgeni. Kama kulikuwa na kitu ndani kinachoganda, chai ya Chacha ilikuwa inakiyeyusha kabla hatujatazama. Nilichokuwa sikijui ni kitu gani.

Nikampigia Salim. Hakupokea. Nikampigia tena mpaka akapokea ili nimwache.

"Bado hujakata?" nikauliza.

"Fundi n'lompata hana nafasi mpaka Jumatatu."

"Mshukuru Mungu. Sikiza. Jumamosi nenda renji ufanye mazoezi. Ikigoma, usiilazimishe. Toa risasi, hakikisha iko tupu, ifunge kwenye sanduku. Usipite nyumbani, usiipanguse, uje kwangu moja kwa moja. Na uzime hita ya gari."

"Nizime heater? Wataka nife?"

"Vaa koti."

Jumamosi tulizima hita tangu asubuhi na kufungua mlango wa nyuma. Trevor alifanya kazi amevaa glavu na kofia, akilalamika kwamba hata Jamaika ambako hajawahi kuishi anaikumbuka. Salim akaingia, pua nyekundu. Imegoma. Akatafuta kiti chake kwa macho, akatafuta sufuria.

"Leo hakuna chai?" Alisikitika kweli. Kwa mtu wa Mombasa niliyegombana naye, kumnyima chai ilikuwa kama kumfukuza.

"Chai baadaye. Ilaze hapa."

Nikaingiza risasi ya bandia, nikasukuma komeo. Likaenda, likaenda, likasimama. Mkono haukushuka.

Vijana, mtu asiye fundi hawezi kujua furaha ile. Kitu kikigoma mbele yako, kwenye benchi lako, umeshinda nusu ya vita. Nilipiga kelele. Trevor naye akapiga kelele, akasahau baridi. Salim alitutazama kama wendawazimu wawili wanaoshangilia msiba wake.

Nikalitoa komeo, nikamwambia Trevor amulike tochi. Nikachukua kijiti cha meno nikakwangua ndani ya ile mifuko ambamo masikio ya komeo huingia, mahali ambapo jicho halifiki na masizi ya risasi hayagusi. Kijiti kikatoka na kitu cheupe, kigumu, kama nta ya mshumaa. Nikakinusa.

Mombasa nzima ilikuwa juu ya kile kijiti.

"Salim," nikasema polepole, "hii bunduki unaipaka nini?"

"Mafuta, kwani nini? Kila usiku wa kuamkia range naipaka, najaza mpaka ndani. Gereji ina unyevu. Marehemu babangu alipaka cherehani, kufuli, mpaka visu vya jikoni. Pale pwani chumvi yala kila kitu, na chuma chetu hakikushika kutu."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Mengine yapi?"

Nikaenda rafuni, nikachukua chupa yangu, nikaipindua mbele ya uso wake. Mafuta yalikaa juu, meupe, hayakusogea. Chupa ile ile, kibandiko kile kile, duka lile lile la Soho Road. Salim akaitazama chupa, akatazama kijiti, mdomo wazi. Pale kwao mafuta ya nazi hayajui kuganda. Anaiweka bunduki sebuleni kwenye joto, anaipaka, anajaribu komeo, linafunga. Usiku anaifungia kwenye kabati la gereji, mafuta yanageuka jiwe ndani ya mifuko, na asubuhi masikio ya komeo hayana pa kuingia. Anakuja kwetu, tunamnywesha chai, yanayeyuka. Tunapangusa, anarudi nyumbani, anapaka upya kwa mapenzi yake yote.

"Na harufu?" nikasema. "Mbona hatukuisikia?"

Trevor akakohoa. "Mimi niliisikia tangu siku ya kwanza," alisema kwa Kiingereza chake cha Handsworth. "Nilidhani ni wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kichwani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Trevor akacheka akishikilia jiliwa la benchini. Salim hakucheka. Alikuwa amekishika kile kijiti, macho yamejaa.

"Kumbe ni mimi n'lokuwa naifunga," akasema. "Kwa mikono yangu."

"Wewe ulikuwa unaitunza kama baba alivyokufundisha," nikamwambia. "Baba hakuwahi kuamkia barafu ya Birmingham, basi. Bunduki yako haina kosa hata moja. Umenisikia? Hata moja. Uliifanya sawasawa."

Akakiweka kijiti benchini, akaniomba radhi kwa lile neno la fundi mwanamume. Nikamwambia nimelisamehe, ila sitalisahau, na kama mnavyoona, sijalisahau.

Tukawasha hita, tukabandika chai, tukaisafisha mpaka ndani ya kila mfuko, tukaipaka mafuta membamba ya bunduki yasiyojali baridi, na chemba tukaiacha kavu kama inavyotakiwa. Trevor aliiweka tena nje uani, yeye mwenyewe kasimama kando yake akiilinda, mpaka chuma kikawa cha kuunguza vidole kwa baridi. Komeo likashuka.

Jumapili tulimfuata renji, mimi na Trevor, ingawa hatukualikwa. Ni uwanja wa wazi nje ya mji, na nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Baridi ile niliibariki. Mwenyekiti wa klabu alisimama nyuma ya Salim, mikono kifuani, anasubiri igome. Salim akalala chini, akaingiza risasi, akasukuma komeo. Nilishika mkono wa Trevor nusura niuvunje.

Komeo lilishuka kwa kidole kimoja.

Alipiga. Akafungua, ganda likaruka, akaingiza nyingine, likashuka. Na nyingine. Aliyelala kulia kwake alikuwa bado anapuliza vidole, na Salim anaendelea bila haraka kama mtu anayekunywa kahawa barazani. Karatasi yake ilipoletwa, matundu yalikuwa yamesongamana katikati. Mwenyekiti akaiangalia, kisha akaomba kuishika ile bunduki. Akafungua komeo na kulifunga, akafungua na kulifunga, akapitisha kiganja juu ya ule mti wa jozi. Akauliza ni nani aliyeitengeneza.

"Mimi," Salim akasema. Alisimama wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Jina lake likaandikwa kwenye timu pale pale. Trevor alipiga mluzi uliogeuza vichwa uwanja mzima. Mimi nililia, na wala sikusingizia upepo. Nilifurahi kwa ajili ya Salim, na nilifurahi kwa ajili ya mtutu ule ambao leo ungekuwa umeharibiwa na unywele mmoja.

Tulipofika kwenye magari, Salim alifungua buti, akatoa chupa ya mafuta ya nazi, imejaa, haijafunguliwa. Akaniwekea mkononi kwa mikono miwili.

"Nilinunua ya akiba," akasema. "Chukua, Bi Manjit. Kichwa chako hakigomi."

Nilimwambia kichwa changu ndicho kilichogoma kuliko vyote, na ndiyo maana uso wake bado uko mahali pake. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mpaka akaegemea gari. Tukarudi karakanani sote watatu, nikaiweka ile chupa juu ya hita, nikabandika chai.